Sikuandika Neno la Uongo

Uroa, Alkhamisi, 9 Mei 2024

Dada yangu mpenzi, Da Mwanakheri,

Shikamoo. Usishtuke kuona karatasi. Simu yangu unajua ilivunjika siku ile ile nilipovunjika mimi, pale Miraji alipotuangusha na vespa, na hajaninunulia nyengine. Tena hapa kwenye Nyumba ya Mazoezi mwalimu wetu, Bi Rahila, ametuamrisha kila mmoja aandike barua kwa mkono ulioumia. Wangu ni huu wa kulia. Kwa hivyo ukiziona herufi zinayumba kama mwanambuzi aliyezaliwa leo asubuhi, jua ndiyo dawa yenyewe. Bi Amne, mpishi wetu, hwenda sokoni Darajani kila Alkhamisi, atakuletea na atapokea jawabu.

Dada, hapa dawa yao ni michezo. Asubuhi bao, baadaye kusuka ukili wa mikeka, jioni ngoma ndogo za kupiga kwa vidole. Siku ya kwanza nilimwambia Bi Rahila: "Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, miguu imekufa, nimeletwa kucheza?" Akanambia: "Ndiyo, cheza. Mwili ukicheza unasahau kuogopa." Nikamwona hana akili.

Basi Jumamosi katutia baharini. Wanawake peke yetu, na nguo zetu, saa ambayo wanaume wako msikitini. Wamechomeka vigingi kumi na viwili kama vile vya shamba la mwani, wakavuta kamba. Maji yanakufika kifuani, unashika kamba, Bi Rahila anakushika kiuno, unakwenda. Dada, nilikwenda! Majini miguu haina uzito. Nimefika kigingi cha pili. Nililia mpaka sikujua chumvi ipi yangu, ipi ya bahari.

Miraji alikuja mwezi uliopita. Kanambia: "Siku utakayotoka mlangoni ukafika jikoni kwa miguu yako, ntakurudisha Kendwa na mwanao. Kabla ya hapo usinitafute, mimi sikuoa kitanda." Lakini Bi Rahila anasema nikifika kigingi cha kumi na mbili, nchi kavu ntasimama kwa mkongojo. Najua sasa ninachokitafuta: nisimame, nimchukue Tahiya wangu, nikae naye kwangu.

Mbusu. Mwambie mama anajifunza kutembea upya kama yeye zamani.

Mdogo wako,
Kidawa


Mji Mkongwe, Alkhamisi, 16 Mei 2024

Kidawa, kipenzi cha dada yako,

Marahaba, na Mola akuzidishie afya. Barua yako niliisoma mara tatu, ya tatu nimekaa juu ya msala, nikasujudu kwa furaha. Herufi zako nzuri. Nani aliyekufundisha kuandika kama si mimi, kwa mkaa, ukutani, marehemu mama akitugombeza?

Tahiya mzima, alhamdulillahi, miaka sita sasa mtu mzima. Ameanza chuo kwa Bi Mkubwa wa mtaa wa pili, yuko katika sura ya Al-Asr. Asubuhi nampaka mafuta, namsuka, nampeleka, narudi nakaa dirishani kushona kofia mpaka nimsikie vidatuni anapanda ngazi. Tangu marehemu mume wangu atangulie, nyumba hii ilikuwa na sauti ya cherehani tu. Juzi kapitiwa, kaniita mama. Nikacheka. Nikasema nisimsahihishe, mtoto asije akaona haya.

Sasa nikuulize kama dada, usinune. Hiyo bahari ina lazima? Uroa siku hizi kuna mahoteli, wageni wanatembea na makamera. Nguo ikirowa ni kama haipo. Mimi sisemi kitu, ila usiku kila nikinyanyua mikono kukuombea, naona kwanza kanga yako imekuganda mwilini, ndipo nakuona wewe. Kama ingekuwa ukili peke yake, moyo wangu ungetulia.

Usiwe na haraka ya kupona. Mwenye subira Mungu yuko naye. Mtoto hana shida yoyote hapa, hata ukikaa mwaka, hata miwili.

Nakuletea kashata kwa mkono wa Bi Amne. Zile ngumu mpe yule unayemchukia.

Dada yako anayekupenda,
Mwanakheri


Uroa, Alkhamisi, 13 Juni 2024

Da Mwana wangu,

Shikamoo. Kigingi cha saba! Cha saba, dada! Na herufi je, haziyumbi tena, umeona?

Nna shoga hapa anaitwa Ummukulthum, aliungua kwa jiko la mafuta kuanzia shingo mpaka mkono. Ulimi wake tu haukuungua. Aliponiona naelea, kasema: "Tazameni, Kidawa kama boflo kwenye chai, mwacheni kidogo tu atavimba ajae bahari nzima!" Nilicheka nikameza maji. Yeye mwenyewe alikuwa hawezi kunyoosha mkono, sasa anashika kamba.

Ngoja nikupe kisa cha Jumamosi, ucheke na wewe. Bi Rahila alikuwa ametushika watatu, likaja wimbi likatuzoa. Yupo mlinzi wetu, Junaid, kijana wa hapa hapa Uroa, kazi yake kukaa juu ufukweni ametupa mgongo, wageni wasisogee. Bi Rahila kamwita, kaja mbio. Kaninyanyua mikononi, Bi Rahila huku ananitupia kanga kavu, kanitia kwenye kigari changu. Dada, macho kayafumba! Njia nzima "audhubillahi, audhubillahi," utasema kabeba shetani wa kisimani. Akajikwaa kwa kufumba macho, nusra anirudishe nilikotoka. Sijapata kucheka vile tangu niumie. Tulicheka sote, na Bi Rahila.

Jambo kubwa ni hili. Bi Rahila amesema mwisho wa Agosti ntasimama. Nimemwandikia Miraji, naye kajibu kwa mkato lakini kajibu: "Ukisimama, nyote wawili mnarudi." Kwa hivyo dada, nianzie kukusanya nguo za Tahiya kidogo kidogo. Na yale madaftari yake. Kendwa ntamtafutia chuo. Na hilo la kukuita mama, msahihishe tu, hatoona haya.

Mdogo wako mwenye furaha,
Kidawa


Mji Mkongwe, Alkhamisi, 20 Juni 2024

Kwa shemeji yangu mheshimiwa, Bwana Miraji, Kendwa,

Assalaamu alaykum. Natumai Idd imekukuteni salama. Nimeona nikuandikie kwa kuwa jambo lenyewe halisemeki kwa simu, na kwa mdomo singeliweza. Nimesali rakaa mbili kabla ya kushika kalamu.

Shemeji, unanijua mimi si mtu wa fitna. Kidawa nimemlea kwa mikono yangu, heshima yake ni heshima yangu, na yako. Sitii chumvi. Nakuhadithia alivyoniandikia mwenyewe, kwa mkono wake, na Mungu ni shahidi.

Huko Uroa mkeo anaingizwa baharini na nguo zinamrowa. Yupo kijana wa hapo kijijini, jina lake Junaid. Jumamosi moja huyu Junaid kamnyanyua mikononi akiwa amerowa hivyo hivyo, kamtoa majini. Na mwenyewe Kidawa anasema, haya ni maneno yake, hajapata kucheka vile tangu alipoumia. Basi.

Mimi sihukumu. Huenda ndiyo tiba ya kisasa. Lakini mume ana haki ya kujua mkewe anatibiwa vipi. Ukiona vyema kumtoa pale, mlete hapa kwangu, ntamtunza ndani, kwa stara. Kuhusu Tahiya usifikiri kabisa. Yuko mikononi mwangu, hata akikulia hapa.

Barua hii ukishaisoma ichane. Usimtaje mtu.

Shemejiyo,
Mwanakheri binti Shaame


Kendwa, Alkhamisi, 18 Julai 2024

Da Mwana,

Barua hii anakuletea Ubwa, dereva wa hoteli moja ya huku. Jawabu mpe yeye yeye. Dada, nimekwisha.

Jumamosi ya tarehe sita nilikuwa kigingi cha tisa. Tukasikia kelele. Miraji huyo, anakuja na viatu vyake ndani ya maji, anapiga ukelele: "Junaid ni nani? Nitoleeni Junaid!" Wanawake wakajificha nyuma yangu, mimi nisiyeweza kusimama. Maskini Junaid siku ile hakuwepo hata kijijini, alimpeleka mama yake hospitali. Bi Rahila kamwambia kwa adabu: "Baba, bado vigingi vitatu tu." Akamjibu: "Kahesabie vigingi wake za wenzio." Kanivuta mkono, ule ule ulioumia. Goti langu likapiga mwamba.

Kaja kunitupa huku, chumba cha nyuma kwa mama yake. Nimemwapia kwa msahafu. Nimemweleza kuwa Bi Rahila alikuwepo, kuwa yule kijana alifumba macho. Kasema: "Aliyenandikia hakumtaja Bi Rahila yeyote."

Ijumaa wali ukaja, chini ya sahani karatasi. Talaka. Mistari miwili, dada, na wa pili haukufika mwisho. Miaka kumi na moja! Nipo hapa mpaka eda yangu imalizike, kisha niondoke.

Nilimuuliza ni nani aliyemwandikia. Kasema: "Mtu wa kheri, anayekupenda kuliko mimi."

Sasa nakuomba jambo moja, usininyime. Nenda kwa Sheikh Haroub msikitini kwenu, waambie wanisomee Halbadiri. Watajwe watu wa Badri wote, jina kwa jina, mpaka huyo aliyenifanyia hivi aumbuke mbele za watu. Sitaki kumjua kwa kumwuliza mtu. Nataka Mungu amtoe nje mwenyewe.

Tahiya amelala vipi siku hizi? Usimwambie.

Kidawa


Mji Mkongwe, Alkhamisi, 25 Julai 2024

Kidawa, mdogo wangu, pole, pole, pole,

Nimelia mpaka Tahiya kaniletea leso. Mwenyewe ntakuja kukuona, magoti yangu haya tu yanipe nafasi. Innallaha maa swabirin. Mwanamume anayeacha mke aliyemvunja mwenyewe, Mungu anamwona.

Lakini Halbadiri, mdogo wangu, hapana. Halbadiri si mchezo. Ikishasomwa hairudi mikono mitupu. Na masheikh wengine siku hizi wanasema si sawa. Tena Sheikh Haroub anaumwa, sukari imempanda. Huyo mtu, ambaye mimi na wewe hatumjui, pengine alifanya kwa nia njema. Pengine hakudhani itafika talaka. Msamehe. Anayesamehe malipo yake yako kwa Mola. Nimekusomea Yasini, inatosha.

Eda ikimalizika utakuja hapa, nani mwengine uliye naye? Nimeshafikiria: utalala chumba cha chini, kile cha vitambaa. Tahiya alale juu na mimi kama alivyozoea, usiku anaamka akiota, nawe huwezi kupanda. Kang'oka jino la mbele. Watu hapa mtaani wanasema tumefanana. Mimi nawaambia ni damu moja, ajabu gani?

Usile kidogo. Na usifikirie sana.

Dada yako,
Mwanakheri


Kendwa, Alkhamisi, 22 Agosti 2024

Dada,

Usimsumbue Sheikh Haroub. Nimepata wasomaji huku huku. Imesomwa Ijumaa baada ya alasiri, watu saba, ubani, kila kitu kwa taratibu yake.

Sikutaja jina. Nilisema tu: aliyeandika barua ile, imfike katika kile anachokipenda kuliko vyote. Wakanambia akikiri kwa maneno yake kabla ya siku arubaini, inamwondokea. Asipokiri, basi.

Nibusie Tahiya.

Kidawa


Mji Mkongwe, Alkhamisi, 12 Septemba 2024

Kidawa, Kidawa, kwa haki ya maziwa tuliyonyonya,

Waambie waiondoe. Leo leo. Ubwa akishakupa hii usimngoje akae, tuma mtu.

Tahiya ana homa siku ya nne. Anaungua kama chungu jikoni. Usiku anaongea maneno siyajui, anaita "mama" nikimwambia mimi hapa ananitazama kama mgeni. Nimemfukiza ubani, nimemwandikia kombe, nimemwogesha maji ya Zamzam niliyokuwa nimeyaweka kwa ajili ya kufa kwangu. Haishuki.

Mimi ndiye. Haya, nimesema kwa maneno yangu, nimekiri, imwondokee. Mimi ndiye niliyemwandikia Miraji. Lakini wallahi, Kidawa, sikuandika neno la uongo. Lete barua ile, itazame, kila neno ni lako. Nilinyamaza tu kuhusu Bi Rahila. Kunyamaza ni uongo? Nilimuuliza Mungu, hakunikataza.

Nilidhani atakuleta kwangu. Wallahi hiyo ndiyo niliyoidhani. Wewe chini, mimi na mtoto juu, sote nyumba moja, na mimi kuwauguzeni. Sikudhani talaka. Uliposema nikusanye nguo zake, nilikwenda kabatini, nikatoa gauni moja, nikalirudisha. Nikatoa jengine, nikalirudisha. Wewe ulikuwa unacheka baharini, Kidawa. Wewe Mungu kakupa mtoto, na mume, na sasa miguu nayo. Mimi alinipa nini? Sikukuchukia. Nilikuwa nahesabu vigingi vyako na wewe, na kila kimoja kilikuwa kinatoka kwangu.

Nihukumu mimi. Mtoto hana makosa. Waambie waiondoe.

Mwanakheri


Kendwa, Alkhamisi, 10 Oktoba 2024

Da Mwanakheri,

Ubwa ananambia Tahiya amepona, na kwamba aliyempeleka hospitali mwishowe ni jirani yako, siku ile ile uliyoniandikia. Damu ilipimwa, akapewa vidonge. Siku nne ulikuwa unamfukiza ubani kwa sababu ya dhambi yako, mtoto anahitaji daktari.

Hapakusomwa Halbadiri. Hata herufi moja. Nilikaa juu ya kirago changu nikaandika kwa mkono huu, basi. Ningeombaje vile, na mimi nilikuwa nshajua kwamba anachokipenda aliyeniua ni mwanangu?

Nilikujua wewe wiki mbili baada ya talaka. Nilikuwa nimelala nasikia ukelele wa Miraji masikioni, "Junaid ni nani?" Nikajiuliza, jina hili kalipata wapi? Duniani jina hilo nilimwandikia mtu mmoja tu. Nikapigana na nafsi yangu mwezi mzima, nikasema dada yangu hawezi. Ndipo nikakutegea. Nilikuwa naomba usijibu.

Nikupe khabari za Uroa, Bi Rahila kaniandikia. Miraji aliisomesha barua yako kwa wazee wa pale. Wamekataza. Wanawake hawaingii tena baharini, vigingi vimeng'olewa. Ummukulthum anakaa barazani, mkono umemrudi kifuani kama zamani. Junaid ameachishwa kazi. Kitanda changu kapewa mtu mwengine, na hata ningelirudi, goti lile lililopiga mwamba halikunjuki. Daktari wa hospitali ya Kivunge kalitazama, akanambia nizowee kigari.

Unataka nikusamehe. Mwombe Mungu, Yeye hachoki. Mimi nimechoka.

Eda yangu inamalizika Jumatatu. Jumanne Ubwa atanileta kwako. Nakuja kwa sababu sina pengine, na kwa sababu mwanangu yuko huko. Tafuta watu wawili wa kunipitisha vidatuni, wewe usinishike. Tahiya atalala chini na mimi.

Atakapokuja kunitazama siku ile, akiuliza huyu ni nani, usimjibu. Ntamjibu mwenyewe. Lakini akiniuliza kwa nini siinuki nikampakata, hapo ntanyamaza mimi. Hapo utamjibu wewe.

Kidawa binti Shaame